Niambie Kimekuwa Nini

Mwalimu wetu wa sayansi alinusa kila kitu. Alinusa daftari lako kabla hajalisahihisha, na kama lilikuwa limelala jikoni alijua. Alinusa maziwa, alinusa udongo baada ya mvua, alinusa uji wa shule akiwa bado mlangoni mwa ofisi, akapaza sauti kumwambia mpishi, "Mama, chini kumeanza kushika, punguza moto!" Sisi watoto tulimwigiza nyuma ya madarasa, tukikunja pua na kutembea kwa hatua zake ndefu, kanga begani. Siku moja akatukuta. Tulijua fimbo inakuja. Akatutazama mmoja mmoja, halafu akasema, "Mnanusa vibaya. Mtu hapeleki pua kwenye kitu asichokijua. Anaipungia hewa imfuate." Akatuonyesha kwa kiganja, polepole, kama anayefukuza nzi asiye na haraka. Tangu siku hiyo tulimwigiza kwa usahihi zaidi.

Shule ilikuwa nje kidogo ya Kiomboi, kati ya mashamba ya alizeti na uwele, mahali ambapo upepo haupumziki. Yeye alikuja kutoka upande wa Kilimatinde, na Kinyiramba, lugha ya kwetu, alikizungumza kama mtu anayetembea peku juu ya changarawe: anafika, lakini unamwonea huruma. Mumewe alifanya kazi reli, huko Manyoni, na alionekana kwetu mara chache, akiwa amebeba gunia la karanga na redio. Mwalimu alitufundisha sayansi kuanzia darasa la nne hadi la saba. Alifundisha yote, mimea, mwili, usafi, nguvu na mashine, lakini somo moja alilishika kama mtu anavyoshika mkono wa mwanawe: mabadiliko ya maada. Kitabu kiliyapa kurasa chache tu. Yeye aliyapa karibu muhula mzima, na walimu wenzake walinung'unika kwamba tutafika mtihani hatujui hata kazi ya figo.

Kitabu kilisema hivi, na nadhani vingi bado vinasema: mabadiliko ya umbo yanaweza kurudi yalikotoka, ya kikemikali hayarudi. Barafu inayeyuka na kuganda tena. Kuni ikiungua ndiyo basi. Alitusomea maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba asiouamini. Kisha akachana karatasi mbele yetu, vipande vidogo vidogo, akaviacha vidondoke mezani.

"Itarudi kuwa nzima?"

"Haitarudi!"

"Basi ni mabadiliko ya kikemikali?"

"Ndiyo!"

Akainua kipande kimoja. "Hiki ni nini?"

"Karatasi."

"Na hiki?"

"Karatasi."

Akawasha kiberiti, akachoma kipande cha tatu juu ya sahani ya bati. Moshi ukapanda, na kilichobaki kikajikunja, cheusi. "Na hiki?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Majivu, Mwalimu."

"Haya," akasema. "Msiniambie kimebadilika. Kila kitu hubadilika. Msiniambie kitarudi au hakitarudi, hayo ni mambo ya waganga. Niambieni kimekuwa nini. Kama bado ni kilekile, kikubwa, kidogo, kilaini, kigumu, cha maji au cha mvuke, hayo ni umbo tu. Kama kimezaliwa kitu kingine, kina jina lingine na tabia nyingine, hapo ndipo kemikali."

Swali hilo likatoka darasani, likaingia majumbani. Ulikuwa ukimwaga mafuta ya alizeti kwenye kikaango yakaanza kutoa moshi mweupe, ndugu yako mdogo anauliza, "Yamekuwa nini?" Togwa ikikaa siku ya pili na kuchachuka, tunaulizana. Mama yangu alikasirika siku moja nilipoisimamia sufuria ya maharage nikimwuliza kama maharage mabichi na yaliyoiva ni kitu kimoja. "Ni chakula," akasema. "Ukila ni chakula, ukiuliza ni njaa. Chagua."

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kufuata alichokifundisha nje ya darasa, na hili tulilipenda. Alitueleza kutu kwa undani, jinsi chuma, hewa na unyevu vinavyozaa kitu kipya chekundu ambacho si chuma tena, na namna ya kukizuia kwa rangi na grisi. Baiskeli yake ilikuwa imeliwa na kutu kuanzia usukani hadi kwenye pedeli. Tulipomwuliza kwa nini haipaki rangi alisema, "Nikiipaka, mwakani nitafundishia nini?" Alijua matofali ya kuchoma kuliko wachomaji, naye aliishi kwenye nyumba ya tofali mbichi iliyokuwa ikipigwa lipu ya udongo kila baada ya masika. Alikuwa anaogopa radi. Mawingu yakifunga, alifunika kioo chake cha ukutani kwa kanga, kama walivyofanya wamama wote wa pale, na tulipomshangaa akasema bila aibu, "Hili sijalisoma. Nimelikuta."

Na hakuruhusu sayansi yake igeuzwe methali. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu mzuri na mwenye maneno mengi, aliwahi kumwomba asimame kwenye semina ya wanandoa aeleze kwamba ndoa ni mabadiliko ya kikemikali, kwamba wawili wakiungana huzaliwa kitu kipya kisichorudi nyuma. Kanisa zima likageuka kumtazama. Akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mchungaji," akasema, "mimi nimeolewa muda mrefu. Mume wangu bado ni yuleyule." Akaketi. Wamama walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza wimbo.

Ukaidi huo ulimgharimu, na wakati mwingine ulitugharimu sisi. Tulipokuwa darasa la sita ulikuja mtihani wa majaribio uliotungwa na kamati ya walimu wa shule za jirani. Swali moja liliuliza ni lipi kati ya haya ni badiliko la kikemikali, na majibu ya kamati yakasema ni kuvunjika kwa chungu, kwa sababu chungu kilichovunjika hakirudi. Sisi wote tulikuwa tumechagua kuchacha kwa maziwa. Wote tukakosa. Mwalimu mkuu alimwomba ayaache, ni mtihani wa majaribio tu. Yeye akapanda baiskeli yake nyekundu kwa kutu, kikapu nyuma, akaenda kumwona mratibu wa mtihani ule. Ndani ya kikapu alikuwa ameweka vigae vya chungu.

Tulisimuliwa na katibu wa ofisi ile, aliyekuwepo. Alivipanga vigae mezani kwa mratibu, kimoja kimoja, na kwa kila kimoja akauliza, "Hiki ni nini?" Mratibu akajibu mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu akachoka. "Mwalimu, naelewa unachosema. Lakini majibu yameshapelekwa shule zote. Nikibadilisha yako, nitabadilisha ya nani tena?" Akarudi na vigae vyake. Alama hazikubadilika.

Kesho yake alisimama mbele yetu akasema ukweli wote bila kujipamba. "Nimeshindwa. Mtihani unasema chungu. Sisi tunajua ni maziwa. Mkiulizwa tena mtafanya nini?"

Msichana mmoja aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula akanyoosha mkono. "Nitaandika chungu, Mwalimu. Baba anataka nifaulu."

Tulingoja amkaripie. Akafikiri. "Andika chungu," akamwambia. "Lakini ukifika nyumbani, umwambie baba yako ni maziwa." Sikumsikia tena akilisemea jambo hilo, ila vigae vile vilikaa kwenye dirisha la ofisi mpaka namaliza shule.

Kisa cha matofali kilitokea mwaka huohuo. Kijiji kilikuwa kimechoma tanuri la matofali kwa ajili ya darasa jipya. Watu walikuwa wamefyatua kwa zamu, wamekata kuni mbali, wamekesha wakilinda moto. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, aliitisha mkutano wa wazazi ili kutangaza kwamba ujenzi unaanza. Wakati anahutubia, mwalimu wetu alikwenda kwenye tanuri lililofunguliwa, akachukua tofali moja kutoka katikati na jingine kutoka pembeni, akayatia kila moja kwenye ndoo yake ya maji, akaziweka ndoo mbele ya meza kuu. Mwenyekiti aliendelea kuhutubia huku macho ya watu yote yako kwenye ndoo. Tofali la katikati lilitoa mapovu machache likatulia. La pembeni likaanza kumeguka kwenye kona, kisha likalainika, kisha likakaa chini ya ndoo kama uji wa ulezi.

"Hili," akasema akionyesha ndoo ya kwanza, "moto umelifikia. Si udongo tena, ni kitu kingine. Hili la pili limekauka tu. Ni udongo uliovaa nguo za tofali."

Ghasia ikazuka. Wengine walitaka wajenge hivyohivyo na kupiga lipu ya saruji. Wengine walisema yeye mgeni, hakufyatua hata tofali moja, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mwenyekiti akaziendea ndoo. "Mwalimu, ungeniambia pembeni," akasema. "Ungeniita ukaniambia, mimi ni mtu mzima." Na hapo alikuwa na haki, hata mimi mtoto niliona. Mwalimu alimwaibisha mzee mbele ya wake zake na wakwe zake kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusema kitu isipokuwa kukionyesha. Matofali ya pembeni yalichambuliwa, yakachomwa upya, ujenzi ukachelewa msimu mzima. Mwenyekiti hakumsalimia tena.

Sasa nifike kwenye siku yangu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka uliofuata, kisima kimeshuka na maji ya shule yanaletwa kwa punda. Alitaka kutuonyesha kitu ambacho kinawadanganya watu: kitu kinachoonekana kulowana tu, kumbe kinageuka. Alikuwa ameomba kwa fundi mmoja mawe ya chokaa yaliyochomwa, ambayo hayajaonja maji. Akatutoa nje, kwa sababu ya mvuke, tukalizunguka karai. Akaweka bonge moja, akalinyunyizia maji kidogo. Mwanzo halikufanya kitu. Kisha likanguruma ndani kwa ndani, likapasuka, likavimba, mvuke ukapanda, na karai likawa la moto kiasi kwamba ukilisogelea unahisi usoni.

"Nani ameweka moto?" akauliza.

"Hakuna!"

"Moto umetoka wapi, basi?"

Mimi nilitaka kujua. Nilikuwa mtoto wa kutaka kujua, ndiyo maana alinipenda. Mabonge mengine yalikuwa kwenye mfuko wa salfeti, wa nailoni ya kusuka, nyuma yake, mdomo wazi, na ndani, chini kabisa, kulikuwa na unga wake mweupe. Nikainama kutazama kama yenyewe nayo yana joto. Upepo ule wetu usiopumzika ukaingia ndani ya mfuko na kutoka na unga, ukanipiga machoni.

Sikumbuki kupiga kelele, ingawa wenzangu wanasema nilisikika hadi barabarani. Nakumbuka mikono yake imeishika yangu nisifikiche. Nakumbuka kwanza alinipangusa kwa kanga kavu, haraka, unga wote wa usoni na wa nywele, kisha akanilaza kichwa pembeni na maji yakaanza. Ndoo ya kwanza. Ndoo ya pili. Alinishika kope kwa vidole viwili akazifungua kwa nguvu, na maji yakaingia kama moto mwingine. Nikamng'ata kidole. Nilimng'ata kweli, mpaka nikaonja damu.

"Niume ukitaka," akasema. "Ila usifumbe."

Watu walikusanyika. Mpishi alikuja na kikombe cha mafuta ya kula, akisema mafuta hulainisha. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha alijitolea maziwa yake, kama tulivyofanya siku zote mtoto akiingiwa na kitu jichoni. "Hakuna!" Mwalimu akafoka, na sijawahi kumsikia akimfokea mtu mzima kabla ya hapo. "Maji. Maji tu. Leteni mengine." Wanafunzi wakafungua bomba la tanki la shule wakawa wanapokezana ndoo. Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Mwalimu, hayo ni maji ya uji wa wiki nzima!"

"Wiki hii hawanywi uji," akajibu, na hakuinua kichwa.

Alinimwagia mpaka tanki likaanza kulia kwa hewa. Kisha akanipakia kwenye pikipiki, mimi katikati, yeye nyuma amekumbatia dumu, na njia nzima hadi hospitali aliendelea kunimwagia, hata dereva akalowa mgongo. Daktari aliyetupokea alinitazama kwa muda, akauliza ni nani aliyeniosha. Mwalimu akasema ni yeye, kwa sauti ya chini, kama anayesubiri hukumu. Daktari akasema kazi kubwa imeshafanyika huko nyuma. Bila maji yale hakuna jicho ambalo lingebaki. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu mweupe, na hadi leo linaona mwanga na vivuli, basi.

Jioni ileile, nikiwa nimesharudishwa nyumbani, Mwalimu alikuja kwetu. Angeweza kusema ni upepo. Angeweza kusema mtoto aliinama alipokatazwa, ingawa hakuwa amenikataza. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, Bibi kwenye mkeka karibu na moto. Akamsalimia Bibi shikamoo kwa magoti, akakaa chini, akasema, "Mimi ndiye niliyeleta chokaa. Mfuko niliuacha wazi, na mnajua upepo wa hapa, nami naujua. Kosa ni langu."

Baba hakuwa mtu wa kugombana. Aliinuka akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungiwa. Bibi ndiye aliyesema, kwa Kinyiramba, taratibu, ili mgeni aelewe kila neno. Alisema mtoto wa kike ameharibika uso. Alisema shule imemchukulia jicho moja, isichukue la pili, sasa akae nyumbani ajifunze kazi za nyumbani. Na akamalizia: "Unga ukishakuwa ugali, haurudi kuwa unga. Wewe ndiye unayewafundisha hivyo."

Nilikuwa nimelala chumba cha pili, macho yamefungwa bandeji, nasikia. Kisha Kinyiramba kile kibovu cha kutembea juu ya changarawe kikajibu:

"Mama, huyu si ugali."

"Unajuaje?"

"Muulize jambo. Muulize lolote alilolijua jana."

Bibi hakuniuliza. Ila Baba, ambaye kumbe alikuwa amesimama nje ya ukuta muda wote, aliingia akaja mpaka kitandani kwangu. Akauliza kwa nini chokaa ilichemka bila moto. Nikamwambia kwamba maji hayakuilowesha tu, yaliungana na jiwe kikazaliwa kitu kingine, na joto lilitoka kwenye kuzaliwa huko. Nilikuwa nalia. Baba akakaa kitandani. Akaweka mkono kwenye mguu wangu. "Bandeji ikitoka," akasema, "utarudi."

Wiki zile nilizokuwa nyumbani Mwalimu alikuja kila Jumamosi kunifundisha yaliyonipita, akinisomea kwa sauti. Bibi alimkaribisha kwa adabu, akampa togwa, wala hakumtazama usoni. Hadi Bibi anafariki, miaka mingi baadaye, sijui kama alimsamehe. Na yeye hakuwahi kumwomba.

Kijijini mambo hayakuisha upesi. Uliitishwa mkutano, na wako waliotaka ahamishwe. Mtu anayecheza na sumu mbele ya watoto, walisema, leo jicho, kesho je? Akasimama akarudia yaleyale aliyoyasema kwetu, neno kwa neno, akaketi. Hakujitetea, hakulia. Nilikuwepo, bandeji imeshatoka, nimekaa kando ya Baba. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yule mzee mfupi, akaomba kusema, na watu wakainama kumsikiliza, maana kila mmoja alijua ana kinyongo.

"Mwanamke huyu," akasema kwa sauti yake kubwa, "aliniaibisha kwa tofali moja, na sijasahau. Nikifa nitakuwa sijasahau. Lakini mvua za mwaka huu mmeziona. Kanisa limepata ufa, ghala limeanguka, darasa limesimama. Mtu anayesema kosa la mwingine mbele ya watu, halafu likiwa lake akalisema vilevile mbele ya watu, mnamhamisha mkaletewe nani?"

Akabaki. Mwenyekiti aliendelea kutomsalimia.

Sayansi aliendelea kuifundisha kwa vitu na wala si kwa maneno, ila jaribio la chokaa hakulifanya tena. Aliwaletea wanafunzi hamira, siki, magadi. Kitu kingine kilibadilika, na niligundua nikiwa tayari sekondari. Kila tulipokutana, sokoni, kanisani, stendi, alisogea na kusimama upande wangu wa kulia, ili nimwone bila kugeuza shingo. Hakuwahi kusema kwa nini. Nami sikuwahi kumwuliza. Hata nilipomletea habari kwamba nimechaguliwa chuo cha ualimu, somo la kemia, alizunguka kwanza meza nzima ya ofisi akaja upande ule, ndipo akanishika mkono.

Alistaafu akahamia Mwankoko kwa binti yake anayelima mboga na kufuga kuku. Mimi nilipangiwa shule ya sekondari huku kwetu Iramba, na kati ya ratiba, mitihani na watoto, miaka ikapita nikimpigia simu tu sikukuu. Mwaka jana, likizo ya Juni, nilipanda basi asubuhi nikaenda.

Nilimkuta ameketi kivulini ubavuni mwa nyumba, amekonda, fimbo mapajani. Mbele yake, kwenye kigoda, palikuwa na sahani tatu, moja na maji, moja maji yamekauka nusu, ya tatu imebaki na utando mweupe unaometameta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Kaa, usitikise hizo."

Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Binti yake, aliyekuwa akichambua mchicha, akanikonyeza. "Wiki ya tatu hii," akasema. "Chumvi yote ya jikoni imeishia hapo."

Alinieleza. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa anajisomea. Akamwuliza, Bibi, chumvi ikiyeyuka ndani ya maji ni badiliko gani? Akajibu kama alivyotujibu sisi sote: ni la umbo, chumvi ni ileile, kausha maji utaipata. Mjukuu akamwonyesha kitabu. Kitabu kilisema chumvi ikiingia majini, chembe zake huachana, kila moja inakwenda njia yake imezungukwa na maji, na maji hayo sasa yanapitisha umeme, jambo ambalo chumvi kavu haiwezi.

"Sasa sikiliza," akasema, akanishika goti. "Ndani ya maji haya, chumvi iko wapi? Ukiitafuta kama punje, haipo. Tabia mpya ipo. Mimi mwenyewe ningesema kuna kitu kingine. Halafu jua linawaka, maji yanaondoka, na hii hapa, chumvi. Imetoka wapi kama haikuwepo?"

"Chuoni tuliambiwa tuandike ni ya umbo," nikasema. "Walisema kuna ubishi, tuandike hivyo tuendelee mbele."

"Na wewe ukaendelea?"

"Niliendelea, Mwalimu."

"Ungekaa hapo kidogo."

Akatazama sahani. Upepo ulipita ukainua ukingo wa kanga yake, akaushusha. Nilisubiri jibu. Nilikuwa nimesafiri na maswali yangu mengine, ya wanafunzi wasiojali, ya maabara isiyo na gesi, na yote yalikuwa yamenitoka kichwani. Nilisubiri kama nilivyokuwa nikisubiri nikiwa na miaka kumi na miwili.

"Kwa hiyo ni lipi?" nikauliza.

"Sijui," akasema.

Alilisema kama mtu aliyeonja kitu akakuta ni kitamu kuliko alivyotegemea. Akalirudia, "Sijui," akacheka, kicheko cha kutoka tumboni kilichomfanya akohoe, na binti yake akaacha mchicha akamletea maji ya kunywa. Alipopumua, alifuta macho kwa kanga. Kisha akasogeza ile sahani ya katikati, ile ambayo maji yake yalikuwa yamebaki nusu na chumvi ndiyo kwanza inaanza kuonekana kwenye kingo, akaiweka mapajani mwangu.

"Haya, Mwalimu," akaniambia. Hakuwahi kuniita hivyo. "Wewe unaonaje?"